Si ukali wa mdomo tunaoupenda kwa Lumumba

Kila mwaka 30 Juni, siku ya uhuru wa Kongo, inapokaribia, sentensi moja juu ya Patrice Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, huzunguka mji mzima wa Kindu, kuanzia Mikelenge na Kasuku hadi ng'ambo ya mto kule Alunguli: tunampenda Lumumba kwa sababu alisema yale tuliyoogopa kusema. Utaisikia redioni, darasani, na hata msibani wazee wakianza kukumbushana. Wala haisemwi juu ya Lumumba peke yake. Mwandishi yeyote mkaidi, asiyekubali kuzibwa mdomo, wasomaji wake wakimpenda kama ndugu wa tumbo moja, maelezo ni hayo hayo: ni jasiri, amewavaa wakubwa, ametusemea.

Nakataa. Nimekua na imani hii tangu shule ya msingi, nimeirudia mwenyewe mara nyingi, na sasa naona kwamba inatunyima waandishi tunaowahitaji na kutuzalishia wapiga kelele.

Kama ukali ndio unaofunga moyo wa msomaji, nionyesheni magazeti ya 1990. Rais Mobutu alipotangaza tarehe 24 Aprili mwaka ule kwamba enzi ya chama kimoja imekwisha, magazeti yaliota Kinshasa kama uyoga baada ya mvua. Mengine yalimsema Mobutu bila kumung'unya maneno, kwa matusi ambayo mwaka uliotangulia yangemfikisha mtu pabaya. Watu waliyasoma wamesimama, wakacheka, wakapeana mikono. Ujasiri ulikuwepo, na wapo walioulipia. Lakini nani leo ana nakala moja chini ya kitanda chake? Nani analikumbuka jina la mwandishi mmoja kati ya wale kama anavyolikumbuka jina la mjomba aliyekufa? Tulifurahia matusi yale kama tunavyofurahia ngumi za mpiganaji uwanjani, kisha tukaenda nyumbani.

Sasa tumtazame Lumumba mwenyewe kwa kazi ya kalamu, maana watu husahau kwamba aliandika kabla hajahutubia. Mtetela huyu wa Onalua, kabla ya kwenda Stanleyville, alifanya kazi hapa hapa Maniema, kwenye migodi ya bati ya Kalima. Baadaye, akiwa karani wa posta Stanleyville, Kisangani ya leo, aliandika makala katika magazeti ya Wakongomani waliosoma, na mnamo 1956 akaandika kitabu kizima, Le Congo, terre d'avenir, est-il menacé? Hakukiona kikichapishwa. Kilitoka 1961, yeye akiwa amekwisha kuuawa.

Wengi wanaoapa kwa jina lake hawajakifungua, na wangekifungua wakimtafuta simba wangeshtuka. Ni kitabu cha mtu mpole. Hakidai uhuru wa papo hapo. Kinawasihi Wabelgiji watimize ahadi zao wenyewe, na kinaota jumuiya moja ya Wabelgiji na Wakongomani wanaoheshimiana. Kuna kurasa ambazo kijana wa leo atazisoma kwa hasira na kuuliza: huyu ni Lumumba gani?

Wachache ninaowajua hapa mjini waliokisoma hadi mwisho, ambao ni walimu wawili na fundi redio mmoja, hawakupoa. Wanampenda zaidi. Kama kinachotufunga kwa mwandishi ni kusema tunayoyafikiri, walitakiwa wakitupe, maana humo anasema mengi wasiyoyakubali hata kidogo. Walichokiona ni mtu anayetafuta mbele ya macho yao, anayekosea hadharani, kisha miaka minne tu baadaye amefika mbali na pale alipoanzia. Msomaji hushikamana na mtu aliyemwona akiwa njiani. Ndiyo maana sielewi wanaotaka ile kesi ya fedha za posta, iliyompeleka gerezani 1956, ifutwe kwenye simulizi yake. Wanaogopa nini? Aliyempenda kweli hakumpenda kama sanamu.

Mtaniambia: basi hotuba ya 30 Juni 1960 je? Pale hakukuwa na upole. Ni kweli. Mfalme Baudouin alisimama ndani ya Palais de la Nation akaisifu kazi ya Leopold II, Rais Kasavubu akajibu kwa adabu, kisha Lumumba, ambaye hakuwa kwenye ratiba, akasimama na karatasi zake. Kila anayesimulia siku ile husimulia uso wa mfalme. Miaka zaidi ya sitini tumeukodolea macho uso wa mfalme, kana kwamba hotuba ile ni mali yake.

Lakini hotuba ile haikuanza kwa kumwita mfalme. Ilianza kwa kuwaita Wakongomani, wanaume na wanawake. Mtukufu yule na wageni wake waligeuzwa mashahidi wa mazungumzo ya watu wengine. Kisha akahesabu mambo: kazi ngumu ya ujira usiotosha chakula wala nguo, kejeli, vipigo vya asubuhi, mchana na jioni. Akagusia kitu kidogo ambacho mtu wa nje angeweza kukipita: kwamba Mwafrika aliitwa kwa ile "wewe" ya Kifaransa ambayo huwaendea watoto na marafiki, wala haikuwa kwa urafiki, kwa sababu ile ya heshima ilikuwa ya Wazungu peke yao.

Hapo palikuwa na siri gani? Nani katika Kongo nzima hakujua kwamba alipigwa? Mama aliyefagia nyumba ya Mbelgiji hapa Kindu, enzi hizo ukiitwa Port-Empain, alihitaji kuambiwa kwamba aliitwa kama mtoto? Hakuna ambacho Lumumba alifichua. Aliwaambia watu, tena katika jumba lile, siku ile: nililiona lililokupata, hata lile dogo ulilodhani hakuna aliyeliona. Hicho ndicho kilichomfanya mtu aliyesikiliza redio mamia ya kilomita kutoka Léopoldville, Kinshasa ya leo, aseme "huyu ni wangu". Alikuwa amegeuziwa uso.

Nimeulizwa mara moja kama haya si ya Lumumba pekee, mtu wa aina yake. Si ya kwake pekee. Nendeni pwani. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa wa miaka 22, Abdilatif Abdalla, aliandika karatasi ya kisiasa iliyomgharimu kifungo cha miaka mitatu, kuanzia 1969 hadi 1972, katika upweke. Aliiita Kenya: Twendapi? Lisome jina hilo polepole. Mkali wa kawaida angeandika "Mnatupeleka wapi?" na kuwanyoshea kidole walioko juu. Huyu alitumia tu-, akajiweka ndani ya msafara uliopotea pamoja na msomaji, na swali likabaki la wote wawili. Gerezani akatunga mashairi kwenye karatasi za chooni, yakatoka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na wasomaji wa Kiswahili hadi leo humtaja kama mtu waliyekaa naye. Serikali ilisikia uasi katika kile kijitabu. Wasomaji walisikia nafsi ya kwanza, wingi.

Na Ngũgĩ wa Thiong'o alisimulia kisa cha riwaya yake Matigari, iliyotoka kwa Kikuyu 1986. Wakulima walizungumza juu ya Matigari, mtu anayezunguka nchini akiuliza ukweli na haki vinapatikana wapi, hata wapelelezi wakaripoti kuna mchochezi wa jina hilo, na amri ikatolewa akamatwe. Ilipojulikana kwamba yumo kitabuni tu, kikakamatwa kitabu. Tunakisimulia kisa hiki kucheka ujinga wa polisi, na tunapita bila kuuliza kwa nini wakulima walimzungumzia mtu wa kubuniwa kama jirani. Mtu anayekujia na swali, akasubiri jibu lako, amekuheshimu, na mtu aliyekuheshimu humsahau kwa shida.

Sisemi ujasiri ni bure. Bila 30 Juni huenda hakuna ambaye angehangaika kutafuta maandishi mengine ya karani yule wa posta. Ujasiri humleta mwandishi mpaka mlangoni kwako. Kumkaribisha ndani, ukampa kiti na kumwita ndugu, hilo latoka kwingine.

Hii ndiyo sababu imani ile inanikera. Vijana wetu wameifuata neno kwa neno. Wanadhani ukitaka kupendwa na wasomaji kama Lumumba, mtafute mkubwa, mtukane. Wanasiasa nao wamejifunza njia ya mkato: vaa miwani ya aina ile, chana nywele upande, paza sauti jukwaani. Nami nilipita huko. Nikiwa na miaka ishirini na kitu niliandika makala ya moto juu ya mkuu mmoja wa hapa, nikaisambaza mwenyewe. Siku mbili nilipigwa mabega mtaani. Siku ya tatu mama mmoja anayeuza sombe sokoni, ambaye mwanawe alimsomea, aliniita. Alisema: "Mwanangu, nimesikia yote. Huyo mtu umemwandikia vizuri. Sasa sisi umetuandikia nini?" Sikuwa na jibu. Katika kurasa zangu nne hakukuwa na mtu mwingine ila yule mkuu. Nilikuwa nimempa heshima ya kuwa msomaji wangu wa pekee.

Imani hii ina ubaya mwingine. Aliyetusemea ametupunguzia kazi. Tukishasema "yeye ndiye mdomo wetu", tunafunga yetu. Tunampigia makofi na tunamwacha aende peke yake, kisha tunaomboleza kwa dhati kabisa. Kuombolezwa Lumumba ameombolezwa vya kutosha. Jino lake, mabaki pekee yaliyosalia, lilirudi kutoka Ubelgiji Juni 2022, tukalia nchi nzima, nami nililia. Ila sikuona mwaka ule kitabu chake kikiuzwa popote mjini humu, wala tafsiri ya Kiswahili.

Kuna karatasi moja ya Lumumba, hata hivyo, ambayo inatembea Kindu bila msaada wa mtu yeyote: barua ya mwisho kwa mkewe Pauline Opango, aliyoiandika akiwa mfungwa katika kambi ya Thysville kabla ya kupelekwa Katanga na kuuawa tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Haikuandikiwa taifa. Iliandikiwa mwanamke mmoja, na mwandishi wake hakujua kama itamfikia. Ndiyo ambayo watu huikunja na kuiweka pamoja na vyeti vya ubatizo.

Miezi michache iliyopita, kwenye kibanda cha fotokopi karibu na mahali pa kupandia mitumbwi ya Alunguli, nilikuwa nyuma ya Papa mmoja mstaafu wa reli. Alitoa mfuko wa plastiki wenye karatasi zake za kazi, na katikati yake barua ile, imekunjwa mara nne, mikunjo imepigwa utepe ambao umegeuka rangi ya chai. Alitaka nakala mpya kabla ile ya zamani haijakatika. Nikamsaidia kuilaza kwenye kioo, maana ilikuwa inaachia vipande. Nikamuuliza, kwa ile tabia yangu ya kuuliza, kama anaipenda kwa sababu Lumumba aliwaambia Wabelgiji ukweli mpaka mwisho.

"Mwanangu, wewe unafikiria Wabelgiji," akasema. "Mimi namfikiria Mama yenu. Vita ya 1998 ilipofika hapa, nilikimbia na treni haikutembea tena. Nilikaa mbali naye muda mrefu. Kalamu nilikuwa nayo. Watu wa kupita walikuwepo. Sikumwandikia hata mstari. Huyu walikuwa wanakuja kumuua, na alimwandikia wake, akamwambia asilie."

Alisema anaisoma nyumbani jioni, kwa sauti, akiigeuza Kiswahili papo hapo kwa sababu mkewe Kifaransa hakimwendi. Anaisoma mara kwa mara. Mkewe humsahihisha akibadilisha neno.

Kijana wa kibanda alipotoa nakala, katikati palikuwa na mstari mweupe, upana wa kidole, pale ambapo utepe ulikuwa umekula maneno. Ulikuwa upande wa yale yanayohusu watoto. Kijana akaomba radhi, akajaribu tena, ukatoka vilevile. Nikatoa simu yangu nitafute maandishi ya Kifaransa ili tujaze, mtandao ukawa unasuasua. Papa akanishika mkono. Aliomba kalamu, akaiegemeza karatasi juu ya mashine, na katika ule weupe akaandika sentensi yote bila kusita, kwa herufi ndogo za mtu aliyezoea kujaza daftari za stesheni. Aliiandika kwa Kiswahili. Nilipomtazama alisema ndivyo anavyoijua, Kifaransa chake kilikwisha kumtoka zamani, kisha akalipa, akakunja mara nne, akashuka kwenda kwenye mtumbwi.