Beba Unga, Samaki Wanunue Kisiwani

Dada zangu, kila kikundi cha kina mama huku Korogwe na Handeni kikishapanga safari ya kwenda kupumzika Unguja, ubishi wa kwanza hauwi nauli wala nguo. Huwa ni chakula. Wapo wanaosema tubebe kila kitu, kuanzia mchele hadi ndimu, kwa sababu kule bei ni za watalii. Wapo wanaosema ni aibu mwanamke kushuka botini na kiroba cha unga kana kwamba anahama. Mimi naona kila upande umeshika nusu ya ukweli. Vikavu tuvibebe kutoka nyumbani, vibichi tukanunue kwa wenyeji. Nitasema kwa nini.

Kwanza mjue ni pesa ya nani inayozungumzwa. Mimi ni fundi cherehani na muuza vitambaa, Manundu, hapa Korogwe. Wenzangu kwenye kikoba ni mama lishe, muuza mitumba, walimu wawili, na wengine wanatoka Chanika, Handeni. Hatuna mtu wa kutulipia likizo. Fedha hiyo inakusanywa kidogo kidogo kila wiki kwa mwaka mzima, na kwa upande wangu inatokana na sare za shule mwezi wa kwanza na magauni ya sikukuu. Kwa hiyo nikiona bei ya sahani ya samaki kwenye mgahawa wa ufukweni, mimi siihesabu kwa shilingi. Naihesabu kwa mashono. Sahani moja inaweza kumeza faida ya gauni zima, na hapo bado sijanywa maji.

Kinachotusaidia wanawake wa kipato chetu ni hizi nyumba za wageni za kupanga nzima, ambazo siku hizi watu wanaziita vila. Paje, Jambiani, Bwejuu, Matemwe, Nungwi, kote zipo. Nyumba ya vyumba vinne, yenye jiko na friji, mkiigawana wanawake wanane, kila mmoja analipa kiasi asichojutia. Lakini unafuu huo upo endapo jiko linatumika. Mkipanga nyumba yenye jiko halafu mkala mgahawani asubuhi, mchana na usiku, mmelipia jiko la kupigia picha.

Sasa kwa nini vikavu vitoke nyumbani? Kwa sababu sehemu kubwa ya vyakula hivyo Unguja huletwa kutoka nje ya kisiwa. Zanzibar inalima mpunga, lakini hautoshi walaji wake, na unga wa mahindi, maharage, vitunguu na viazi mviringo kwa wingi hutoka bara. Kiroba kinachouzwa duka la Paje kimepanda chombo, kimelipiwa upakuaji, kikasafirishwa tena kama kilomita 50 kutoka mjini hadi pwani ya mashariki. Ukikinunua pale unalipia safari yake yote, na wewe umetoka Handeni ambako mahindi ndiyo maisha yetu, au Korogwe ambako mchele wa mashamba ya umwagiliaji ya Mombo unafika sokoni bila kuona bahari. Kukwepa gharama hiyo si uchoyo. Ni akili ya kawaida ya mtu anayetunza mali yake, na israfu haikubaliki kwetu hata tukiwa likizo.

Wengi huogopa mzigo kwa sababu hawajaupiga hesabu. Tuchukue watu wanane kwa siku tatu. Mchele kilo 6, unaotosha milo mitatu. Unga wa ugali kilo 4, milo miwili. Maharage kilo 2. Unga wa ngano kilo 3 kwa chapati na maandazi ya chai. Sukari kilo 2. Mafuta ya kupikia lita 3. Jumla ni kama kilo 20. Gawanya kwa wanane, kila mmoja kabeba kilo mbili na nusu. Mkoba wa vipodozi wa baadhi yetu unazidi uzito huo.

Siri ni kuugawa kabla ya safari, asitwishwe mtu mmoja shangazi kaja zima. Sisi wa Korogwe basi linapita Segera, wa Handeni wanateremka Mkata na kuungana nasi njia kuu ya kwenda Dar es Salaam, na kila mtu anafika na fungu lake limeshapimwa. Mimi hushona vifuko vya marekani, kile kitambaa cheupe kigumu cha pamba, navitia kamba ya kuvuta mdomoni. Kimoja cha mchele, kimoja cha maharage, na unga unaingia kwenye vifuko viwili, kimoja ndani ya kingine, usitoe vumbi. Havipasuki na vinafuliwa. Mifuko ya plastiki sahauni: Zanzibar iliipiga marufuku tangu mwaka 2006, na bara tukafuata tarehe 1 Juni 2019. Mafuta yawe kwenye chupa ngumu, kifuniko kimefungwa kwa gundi ya karatasi, isimame ndani ya ndoo. Mtungi wa gesi na mafuta ya taa si vitu vya kupanda navyo boti ya abiria, hata kama jiko la huko hamliamini.

Na tusizidishe. Ninyi wa visiwani hamna haja ya kufundishwa na mtu wa Korogwe kuhusu mzigo na chombo. MV Spice Islander iliyozama usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba ilikuwa imejaza watu na mizigo kupita kiasi, na familia zilizopoteza ndugu bado zipo. Kilo mbili na nusu za chakula haziwezi kuwa tatizo. Gunia la kila mama ni jambo lingine. Kikundi kikianza kuzungumza kwa magunia, ujue kimeacha kufunga chakula cha safari na kimeanza biashara.

Kwa wanaosema ni aibu, nina jibu moja. Kiswahili chenyewe kina neno masurufu, yaani chakula na matumizi ya njiani. Babu zetu hawakuingia chomboni bila masurufu, na leo mtumishi wa serikali akisafiri kikazi anaomba masurufu ofisini, hakuna anayemcheka. Iweje yakiwa mkononi mwa mama mwenye kitenge yageuke ushamba?

Hapo nimewatetea wabebaji. Sasa nawageukia, kwa sababu wapo wanaopitiliza.

Upo utaratibu unaoingia taratibu wa kubeba hadi nyanya, limao, nazi, tangawizi, dagaa wa Mwanza na samaki wa kukaanga waliofungwa kwenye karatasi. Kikundi kinalala siku tatu Jambiani, kinapiga picha kwenye mchanga wa watu, kinaondoka bila kuacha hata shilingi kijijini. Safari moja, mama mmoja aliyekuwa akipita na ungo wa samaki alituambia kwa upole kwamba siku hizi wageni wanakuja na ndimu zao. Hakutukana. Ila mimi ni mfanyabiashara, naijua sauti ya mtu aliyezunguka na bidhaa tangu asubuhi bila kuuza.

Tuangalie kijiji kilivyo. Nyumba tunazopanga mara nyingi mwenyewe hakai pale, na kodi tunayolipa haipiti mkononi mwa jirani. Wanawake wa pwani ya mashariki ndio waliobeba kilimo cha mwani tangu mwisho wa miaka ya 1980. Ni kazi ya kuinama majini saa nyingi, na bei yake hawaipangi wao. Bamvua likifika, maji yakitoka mbali, wengine wanaingia kutafuta pweza. Mwanamke huyo anatuona tukiingia na kutoka getini. Faida yake kwa ujio wetu ni ile tu tunayonunua: pweza, nazi, madafu, mchicha, mkate wa kumimina, tangawizi. Tukija na vyote, tumemwachia kelele na takataka.

Na hata kwa ladha tu, nani anakwenda baharini kula dagaa wa ziwani? Huku kwetu samaki wa bahari anatufikia kwenye barafu, ameshachoka. Kule diko liko hatua chache, changu na tasi wanateremshwa wakiwa bado wanang'aa. Ulizeni wenyeji maji yakoje, maana bamvua na maji mafu havileti kitoweo kile kile wala bei ile ile. Mnunue mapema, mnunue kwa pamoja, na mpatane kwa adabu, kwa kuwa anayeuza naye ana ada za shule za kulipa. Nyama pia msihangaike kuibeba. Kisiwani hakuna wasiwasi wa halali buchani. Viungo navyo nunueni huko, vya kiasi cha jikoni. Ila karafuu msifikirie kurudi nayo kwa magunia: Zanzibar biashara yake iko chini ya shirika la ZSTC, na sheria haitanii.

Lipo jambo ambalo kwenye ubishi huu halitajwi, nalo ndilo zito kuliko bei. Nani anapika? Nimeona vikundi ambavyo mdogo kuliko wote, au yule mama mpole asiyejua kukataa, ndiye anayesimama jikoni siku zote tatu huku wenzake wakiogelea. Anarudi Handeni amechoka kuliko alivyoondoka, tena kwa pesa yake. Chakula cha kubeba kikigeuka kuwa utumwa wa mmoja wetu, bora tungekula mgahawani.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni zamu zilizoandikwa kabla ya safari, wawili wawili, na vyakula vyepesi. Likizo si mahali pa kuonyeshana pilau. Ya pili, ambayo naipenda zaidi, ni kumwajiri mama wa kijijini atupikie mlo mmoja mkubwa kwa siku, kwa ujira tuliokubaliana mapema, alipwe siku hiyo hiyo. Pweza wa nazi anamjua yeye, sisi tungemgeuza mpira. Tukiokoa kwenye unga na mchele, pesa hiyo ndiyo imlipe yeye. Hapo ndipo mzigo wangu kutoka Korogwe unapata maana: haukuninyima kutumia, umenipa nafasi ya kuchagua nitumie kwa nani.

Kabla ya kulipia nyumba, ulizeni mambo matano: jiko ni la gesi au umeme, gesi imejaa, sufuria kubwa zipo ngapi, friji inafanya kazi, maji ya kunywa yanapatikana wapi. Tumewahi kufika nyumba iliyosifiwa kuwa na kila kitu, tukakuta sufuria mbili za kupikia chai na kisu kisichokata hata kitunguu. Na kama safari imeangukia Ramadhani, wenzetu Wakristo na wenye udhuru wajue kwamba vijijini migahawa mingi hufunga mchana na kula hadharani ni kuwavunjia watu heshima. Hapo chakula cha ndani ya nyumba kinakuwa cha lazima.

Kikibaki, msikitupe wala msirudi nacho. Unga na mchele ambao haujafunguliwa muulizeni kwa heshima dada anayesafisha nyumba kama utamfaa, mpeni mkononi, na si kumwachia juu ya meza kama mabaki.

Mwisho nina ombi kwenu dada zangu wa visiwani, hasa mnaomiliki au kusimamia nyumba hizi. Msituwekee masharti ya kutobeba chakula, na msitucheke bandarini Malindi mkituona na vifuko vyetu. Badala yake bandikeni karatasi moja ukutani jikoni: nani anauza samaki, nani ana nazi, nani anapika, nani anaoka mkate, namba zao za simu na bei za kawaida za kijiji. Mgeni mwenye karatasi hiyo atanunua bila woga wa kuibiwa, na jirani yenu atauza bila kuzunguka juani. Sisi tutaleta unga wetu. Mengine tuuzieni ninyi.