Windows ya Kitambo, Paswadi Yako: Rada ya Saiba za Kitale na Bungoma

Wiki ya mwisho ya Juni saiba za Kitale hujaa kuliko matatu za Webuye. Kila msee anakimbiza nil returns za KRA kabla tarehe 30 ipite. Bungoma nako, msimu wa KUCCPS na HELB ukifika, foleni inatoka hadi nje kwa veranda. Unaingia na kitambulisho, unachapa paswadi ya eCitizen, unalipa, unahepa. Nani huwa anauliza hiyo mashine inaendeshwa na nini?

Next time cheki kona ya chini kushoto. Ukiona ile duara ya Windows 7, jua Microsoft waliacha kuishughulikia tarehe 14 Januari 2020. Chrome yake ya mwisho ni toleo la 109, la mapema 2023. Na kama ni Windows 10 usijipige kifua, nayo ilifungiwa 14 Oktoba 2025. Kufungiwa si eti inazima. Inawaka fiti, inaprinti fiti, ila mwanya mpya ukigunduliwa hakuna mtu anakuja kuuziba.

Watu wengi huishia hapo: mashine mzee ni mbaya, nunua mpya. Mimi sikubali hiyo story yote.

Baada ya kuacha chuo nilikaa kwa kaunta ya saiba moja miezi kadhaa (jina nitaliacha), so naijua vile hupangwa. Kompyuta ya kaunta ndiyo "seva". Inahesabu dakika za wateja, printa imechomekwa hapo, na kuna folda ya skani ambayo kila mashine inafikia. Zote ziko kwa swichi moja, zote zinaingia kama Administrator, paswadi hakuna kwa sababu inachelewesha wateja. Ile folda ilikuwa na vitambulisho vya watu wa miaka miwili. Mbele na nyuma, buda. Kijana wa mashine namba nne akichomeka flashi yenye vairasi, iko na njia ya moja kwa moja hadi kwa sura ya mamako.

Na hii si hofu ya sinema. Mei 2017 WannaCry ilizunguka dunia ikifunga mafaili ya watu na kuitisha dola 300 za bitcoin. Ilipitia mlango wa SMB toleo la kwanza, huo huo ambao Windows za kitambo hutumia kushea folda na printa. Mahospitali ya Uingereza yalikwama. Watu walilaumu Windows XP, lakini Kaspersky walipohesabu, karibu mashine zote zilizodungwa zilikuwa Windows 7, ambayo wakati huo bado ilikuwa inashughulikiwa. Dawa ilikuwa imetoka Machi, miezi miwili kabla. Haikuwekwa tu.

Kwa hivyo umri peke yake si kesi. Kesi ni kwamba hakuna mtu kazi yake ni kuangalia hiyo mtandao. Fundi huitwa kitu ikishakufa, anakuja na Windows ya kukraki kwa flashi, anazima apdeti ndio isigundulike, analipwa, anaenda.

Lakini usimkanyage mwenye saiba. Windows 11 inataka TPM 2.0 na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane, na zile desktop za ex-UK alizonunua ni za kizazi cha tatu. Apdeti za kulipia Windows 10 kwa biashara ni dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, halafu bei inadabo kila mwaka. Mashine kumi ni karibu 79,000. Hiyo ni kodi ya nyumba ya biashara, maze! Watu binafsi huko Ulaya walipewa mwaka mmoja bure baada ya mashirika ya wateja kupiga kelele. Huku, msee wa nyumbani alipe dola 30 ama asawazishe mipangilio ya mashine na akaunti ya Microsoft.

Serikali nayo? Imesukuma huduma zaidi ya 5,000 kwa eCitizen. Julai 2023 ilipopigwa na Anonymous Sudan wakadai ni wao, tuliongea seva za Nairobi wiki nzima. Mlango ambao mtu wa Kiminini ama Chwele huingilia, yaani saiba, hakuna aliyeutaja. Sheria ya kulinda data ya 2019 inasema data ikivuja, mwenye kuishikilia amwambie Kamishna ndani ya saa 72. Mwenye saiba atajuaje imevuja na hana hata logi?

Kazi yenyewe si ya doh nyingi. Zima SMB ya kwanza. Tenga mashine ya kaunta na za wateja, ruta nyingi zinakubali. Mteja apewe akaunti ya kawaida, si Administrator. Mashine za wateja weka Linux Mint, ni ya bure na inabeba desktop mzee bila noma, na nil return ni brauza tu inahitaji. Wanafunzi wa Kitale National Polytechnic na Kibabii wanaweza kufanya hii kitu Jumamosi moja, walipwe kama kibarua cha kila mwezi badala ya kungoja ambulensi.

Kabla hiyo ifike, fungua dirisha la siri kwa brauza, na ukitoka badilisha paswadi kwa simu yako. Ile skani ya kitambulisho mwambie jamaa wa kaunta aifute ukiwa umesimama hapo. Atakununia. Simama tu.