Kiwanda cha magari sawa, lakini gari itafikaje kwa meli?

Wasee, tuongee ukweli. Kila baada ya miaka michache kuna mheshimiwa anavaa kofia ya plastiki, anakata utepe, kisha anatuambia Kenya sasa itaunda magari na kuyauza nje. Ati kazi za vijana zimefika. Tunapiga makofi, tunasambaza picha, tunaendelea na maisha. Hakuna anayeuliza swali moja rahisi sana: hiyo gari ikishatoka kwa geti ya kiwanda, inafika vipi kwa meli?

Utaniambia, "Si wataiendesha tu?" Hapo ndipo tunapotea.

Gari mpya ni mzigo wa ajabu. Ina magurudumu na injini yake, inaweza kujipeleka yenyewe, lakini mnunuzi anailipia bei ya gari mpya kwa sababu haijaenda popote. Kila kilomita inayotembea, kila kokoto inayoruka ikagonga kioo, kila mkwaruzo wa kupanda na kushuka trela, vyote vinakula faida. Ndiyo maana wenzetu wanaofaulu kuuza magari nje hupanga njia ya bandarini pamoja na kiwanda, mchoro mmoja, meza moja. Sisi tunaanza na utepe.

Chukua Ulsan, Korea Kusini. Hyundai wako hapo tangu 1968, na eneo hilo ni miongoni mwa maeneo makubwa zaidi ya viwanda vya magari duniani. Uwezo wake ni kama magari milioni 1.4 kwa mwaka. Kiwanda kiko ufuoni na kina gati lake chenyewe. Gari ikipita ukaguzi, dereva anaipeleka yadi, kutoka yadi inaingia kwa meli. Hakuna trela, hakuna foleni ya Mlolongo, hakuna mtu wa kuisimamisha barabarani kuuliza "umebeba nini".

Ujerumani, Volkswagen walifungua kiwanda Emden mwaka wa 1964. Emden ni mji wa bandari. Hawakuenda huko kwa sababu hewa ni nzuri. Wakati huo Wamarekani walikuwa wanazinunua Beetle kama mandazi ya asubuhi, kwa hivyo Volkswagen wakaweka kiwanda karibu na meli.

Sawa, na kama kiwanda kiko mbali na bahari? Mercedes wanaunda magari Sindelfingen, karibu na Stuttgart, na bandari wanayotumia sana ni Bremerhaven, zaidi ya kilomita 600 kaskazini. Huo ni mwendo mrefu kuliko Nairobi hadi Mombasa. Lakini reli iko. Treni ndefu yenye mabehewa ya ghorofa mbili inapakia magari kiwandani na kuyashusha bandarini. Hakuna dereva anayelala njiani, na hakuna maileji inayosoma kwa dashibodi. Kwa hivyo umbali peke yake si kisingizio.

Na kabla mtu hajasema hizo ni nchi tajiri, twende Moroko, Waafrika wenzetu. Bandari ya Tanger Med ilianza kazi mwaka wa 2007. Renault wakafungua kiwanda Melloussa, karibu na Tangier, mwaka wa 2012, yapata kilomita 30 kutoka bandarini. Reli inaingia kiwandani, na treni inayabeba magari moja kwa moja hadi kwa gati. Angalia huo mpangilio: bandari kwanza, kisha kiwanda na reli yake. Mwaka wa 2023 Moroko iliunda zaidi ya magari nusu milioni, na mengi yanavuka kwenda Ulaya. Hiyo haikuja kwa maombi.

Wengi wetu hatujui hata kinachofanyika pale bandarini, kwa hivyo wacha nieleze kidogo. Meli za magari zinaitwa roro. Ukiiona kwa nje ni kama jengo refu lisilo na madirisha. Ndani kuna sitaha kumi na kitu, moja juu ya nyingine, na meli kubwa inabeba magari 7,000 au zaidi. Hayainuliwi kwa winchi, yanaendeshwa. Kikundi cha madereva kinaingia na magari kwa msururu, kila mmoja anaegesha, halafu matatu ndogo inawachukua wote na kuwarudisha yadi kuchukua mengine. Kutwa nzima ni hivyo. Wanaegesha hadi nafasi kati ya gari na gari inabaki kama upana wa kiganja. Hawavai pete, saa wala mshipi wenye chuma, ili wasiikwaruze rangi. Nyuma yao kuna wengine wanaofunga kila gari kwa mikanda sakafuni, maana bahari ikichafuka, gari moja ikilegea itazigonga jirani zake.

Unaona hizo kazi? Dereva wa yadi, mfungaji mikanda, mkaguzi wa rangi, mpangaji wa treni, fundi wa kubadilisha betri iliyolala. Tukiahidiwa kiwanda tunahesabu tu wale wa ndani ya geti. Kumbe njia yenyewe ni mwajiri.

Sasa turudi nyumbani. Usidhani Kenya haiunganishi magari. Isuzu wako Nairobi, kuna kiwanda Thika kilichoanzishwa 1974, na kingine Mombasa cha miaka hiyo hiyo. Angalia hicho cha Thika. Vipande vinashuka Mombasa ndani ya kontena, vinapanda zaidi ya kilomita 500, vinaunganishwa. Kama unataka kuiuza gari hiyo ng'ambo kwa meli, lazima uishushe tena hizo kilomita 500 hadi mahali vipande vyake vilikotoka. Umelipia barabara moja mara mbili, na bado hujaipandisha meli. Utashindana vipi na mtu ambaye gari yake inasafiri kilomita 30 kwa treni?

Upande wa majirani nako ni vituko. Magari yanayoshuka Mombasa kwenda Uganda, mengi yanaendeshwa moja moja, dereva kwa kila gari, zaidi ya kilomita 1,100 hadi Kampala. Kwa mtumba wa Japani sawa, ishazoea barabara. Lakini gari mpya ukiifanyia hivyo, unamkabidhi mteja gari iliyoshaona Salgaa.

Kinachoniuma ni kwamba vifaa tunavyo. SGR ya kilomita 472 kati ya Mombasa na Nairobi inafanya kazi tangu 2017. Treni zake zinapanda na makontena yaliyojaa, na mengi yanateremka matupu, kwa sababu tunanunua nje kuliko tunavyouza. Meli za roro zinazotuletea mitumba zikishashusha Mombasa, zinaondoka na nafasi iliyobaki wazi. Yaani njia ya kurudi ipo, na haina mzigo.

Wachina wametuonyesha kinachowezekana. Mwaka wa 2023 waliipita Japani na kuwa wa kwanza duniani kwa kuuza magari nje. Shida ikawa meli. Roro zilikuwa chache kiasi kwamba kukodi moja kubwa kulifika zaidi ya dola 100,000 kwa siku. BYD wakaamua kuwa na meli zao, na ya kwanza, yenye nafasi ya magari 7,000, iling'oa nanga Januari 2024. Wengine ambao hawakuwa na meli walitengeneza vyuma vya kupangia magari ndani ya kontena za kawaida, matatu au manne kwa kontena ya futi 40, wakayasafirisha hivyo.

Hiyo ya kontena ndiyo sisi tunafaa kuisoma vizuri. Hatuna magari ya kujaza roro, tunaunganisha kwa maelfu tu. Lakini magari manne yanaijaza kontena, na kontena tupu inashuka Mombasa kila siku. Huhitaji kusubiri uwe Hyundai ndipo uanze.

Najua pingamizi. La kwanza: "Tujenge kiwanda kwanza, mambo ya njia yatajipa." Hayajipi. Kiwanda kikishasimama hakihamishwi kama kibanda cha mutura. Kile cha Thika kimekaa pale miaka hamsini. Ukikosea mahali leo, watoto wako watalipa trela hiyo hiyo.

La pili: "Kila kitu kikienda Mombasa, kaunti zingine zitakula nini?" Hili ni swali la haki na silidharau. Kijana wa Nakuru anahitaji kazi kama wa Likoni. Lakini kiwanda kilichowekwa mahali pa kufurahisha watu, kikashindwa kuuza, hakimlishi yeyote. Viti, nyaya, betri na vioo vinaweza kutengenezwa bara kando ya reli, kisha gari ikaunganishwa karibu na maji. Eneo maalum la kiuchumi la Dongo Kundu, linalojengwa kwa msaada wa Japani, liko pale pale kando ya bandari ya Mombasa. Kama kuna mahali pa kusema gari ya Kenya itapanda meli kutoka hapa, ni hapo.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Mheshimiwa akija na kiwanda kipya cha magari ya kuuza nje, wanahabari na sisi wa mitandao tumuulize maswali manne kabla hajashika makasi. Kutoka geti hadi gati ni kilomita ngapi? Yatabebwa na behewa, trela au kontena, na kila gari italipiwa ngapi? Yakifika bandarini yatalala yadi gani, na nani analipa yakikwaruzwa? Na ni meli gani, inayoenda wapi, itakayoyachukua?

Akijibu yote manne, mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kusambaza picha zake. Akisema "hayo tutayaangalia baadaye", jua umealikwa kwa sherehe, na usimwambie ndugu yako kuna kazi.