Jina la Mwenye Pesa: Barua ya Wazi kwa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya

Kwa Dkt. Kamau Thugge,
Gavana, Benki Kuu ya Kenya,
Nairobi.

Bwana Gavana,

Ukinunua gauni la kitenge kwa fundi mkimbizi kutoka Kongo, pale Kayole au Umoja, usishangae simu yako ikikuonyesha jina usilolitarajia. Unaingiza namba uliyopewa, unaandika kiasi, halafu linatokea jina la Mkenya ambaye hayupo kibandani. Fundi anakuambia utume tu, laini ni ya jirani. Pesa zinaenda, ujumbe unaingia, nguo inakunjwa na kutiwa mfukoni. Aliyekata kitambaa, akashona na kupiga pasi hayumo katika rekodi yoyote ya malipo hayo. Jina hilo la jirani ndilo linalonifanya nikuandikie, kwa sababu naamini ofisi yako inaweza kuliondoa pale na kuweka jina la mwenye jasho lake.

Kenya inahifadhi wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000. Wengi wako Dadaab na Kakuma, lakini makumi ya maelfu wanaishi Nairobi, hasa huku Eastlands: Wasomali na Waethiopia Eastleigh, Wakongomani na Warundi Kayole, Umoja na mitaa ya jirani. Wanalipa kodi ya nyumba, karo na stima kama majirani zao. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamruhusu aliyetambuliwa kuwa mkimbizi kufanya kazi na biashara, na inakipa kitambulisho chake hadhi sawa na ile ya kadi ya mgeni mkaazi. Nayo Sheria ya Mapato ya Uhalifu na Kupambana na Utakatishaji Fedha ya 2009, inapotaja hati za kumtambua mteja, haiishii kwenye kipande cha taifa na pasipoti. Inaacha nafasi kwa kitambulisho kingine rasmi kitakachoelekezwa. Bunge, basi, halikumfungia mkimbizi mlango wa benki. Mlango unafungwa kwenye kaunta.

Kwenye kaunta majibu hutegemea tawi, hutegemea hata nani yuko zamu siku hiyo. Huku kadi ya mkimbizi inakubaliwa, kule inarudishwa kwa sababu fomu haina kisanduku chake, au namba yake haisomeki kwenye mfumo wa kuhakiki, au mhudumu hajawahi kuiona. Simlaumu mhudumu. Akikosea kumpokea mtu, lawama ni zake. Akimkataa, hakuna anayemuuliza. Kwa hiyo anaomba hati aliyoizoea kwa wageni wote, yaani pasipoti. Hapo ndipo utaratibu unapomgeuka mtu vibaya sana. Mkimbizi ni mtu aliyeikimbia dola yake. Akienda ubalozini kuomba pasipoti kwa hiari yake, Mkataba wa Geneva wa 1951 unaruhusu hatua hiyo ichukuliwe kuwa amerudi chini ya ulinzi wa nchi yake, na hifadhi yake inaweza kukoma. Benki inayomdai pasipoti inamtaka ahatarishe usalama wake ili apate mahali pa kuweka akiba. Hilo si takwa la sheria yoyote ya Kenya, na nadhani hakuna benki iliyolikusudia.

Anayekataliwa benki haachi kushika pesa. Anatafuta njia, na njia iliyo karibu ni laini iliyosajiliwa kwa kipande cha mtu mwingine. Kwa miezi mingi huenda mambo yakaenda sawa. Kisha mwenye kipande anahama, anakosana naye, au anafariki. Anayetaka kumdhulumu hahitaji ujuzi wowote: anaingia dukani na kipande chake, anasema laini imepotea, anapewa nyingine, na salio lote liko mkononi mwake. Fundi aliyeibiwa hana pa kushtaki, maana kwa kampuni ya simu na kwa polisi pesa zile hazikuwa zake. Wengine wanategemea vyama vyao, ayuto ya Wasomali na likelemba ya Wakongomani, ambavyo vimewalea watu wengi na vinastahili heshima. Hata hivyo chama hakikupi historia ya mkopo. Mtu anaweza kuchanga bila kukosa hata mzunguko mmoja kwa miaka 10, na siku anapotaka kununua cherehani ya pili kwa mkopo anahesabiwa kama mtu aliyeanza jana.

Hadi hapa nimetetea haki ya mkimbizi. Lakini hoja yangu kubwa kwako ni ya usimamizi wa fedha, kwa sababu ndiyo kazi uliyokabidhiwa. Mwezi Februari 2024 FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, kiliiweka Kenya kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu. Msingi wa vita hivyo ni swali moja: hizi pesa ni za nani? Laini ya kuazima inalijibu swali hilo kwa uongo kila siku, mamia kwa mamia ya malipo, bila mtu yeyote kuwa na nia ya uhalifu. Na anayesukumwa kwenye uongo huo ni mtu ambaye serikali tayari imechukua alama za vidole vyake, picha yake, majina ya wazazi wake na maelezo ya alikotoka. Ni wateja wachache wa benki wanaojulikana na dola kwa kina namna hiyo. Tunamkataa mtu tunayemjua, kisha tunapokea pesa zake kwa jina la asiyehusika.

Najua jibu litakalotoka upande wa usalama, na silichukulii kwa wepesi. Watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, na kila anayeandika kuhusu fedha na wageni lazima akumbuke familia hizo. Lakini tukumbuke pia kilichofuata. Leseni za kampuni 13 za kutuma fedha zilisimamishwa, na pesa za chakula na karo zilizokuwa zikitoka kwa jamaa ughaibuni zikakwama. Baada ya miezi michache kampuni hizo ziliruhusiwa kufunguliwa tena, kwa masharti. Uamuzi ule wa pili ulikubali jambo muhimu: njia inayoonekana na kusimamiwa ni salama kuliko njia iliyofungwa. Akaunti ina taarifa ya kila shilingi iliyoingia na kutoka, ina kiwango kinachoweza kuwekewa mpaka, na mahakama ikiamuru inafungwa siku hiyohiyo. Mpelelezi anayefuatilia fedha haramu angependa nini zaidi?

Wapo pia wanaosema mahali pa mkimbizi ni kambini, na kwamba akaunti Nairobi ni kumkaribisha mjini. Suala la makaazi lina historia ndefu. Mahakama Kuu ilibatilisha mwaka 2013 amri ya kuwahamishia wakimbizi wote wa mijini kambini, na mvutano haukuishia hapo. Lakini hata anayeamini sera ya kambi hana budi kukiri kwamba benki si askari wa mipaka. Isitoshe, serikali yenyewe imebadilisha mwelekeo. Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unataka wakimbizi na wenyeji waishi na kujitegemea pamoja. Sioni mtu atakavyojitegemea kama hawezi kuweka shilingi 500 kwa jina lake.

Tutazame na upande wa pili wa bahari. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, na ni Benki Kuu inayotutangazia takwimu hizo kila mwezi. Nyuma ya fedha hizo kuna Wakenya waliosimama mbele ya kaunta za ugenini na karatasi ambazo karani hakuzizoea. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2014, uliziagiza nchi wanachama zihakikishe kwamba kila anayeishi humo kihalali anaweza kupata akaunti ya msingi, waomba hifadhi na wasio na anwani ya kudumu wakiwemo. Karibu zaidi na sisi, Uganda iliruhusu mwaka 2019 wakimbizi wasajili laini za simu kwa barua za utambulisho walizopewa na serikali, hata kabla ya kupata kadi. Uganda ina wakimbizi wengi kuliko sisi, na vitisho vya usalama inavijua pia.

Ninachoomba ni waraka, Bwana Gavana. Utamke wazi kwamba kitambulisho cha mkimbizi kilicho hai kinatosha kumtambua mteja, na kwamba asidaiwe pasipoti juu yake. Anayesubiri uamuzi wa maombi yake afunguliwe akaunti ndogo yenye kikomo cha salio na cha malipo, ili tahadhari ilingane na hatari. Kadi inapokwisha muda, mwenyewe apewe siku za kuihuisha kabla pesa zake hazijafungiwa, kwa kuwa foleni ya kadi mpya si kosa lake. Tawi linalomkataa mtu liandike sababu na kumpa nakala. Na mkae chini na Idara ya Huduma kwa Wakimbizi ili benki ziweze kuihakiki namba ya mkimbizi kwa haraka ileile zinavyohakiki ya Mkenya. Kazi hii ndiyo ngumu kuliko zote, na bila hiyo waraka utabaki kwenye faili.

Najua waraka hautamaliza kila kitu. Hofu ya wageni haifutwi kwa barua. Lakini utampa mhudumu wa Umoja au Eastleigh karatasi yenye nembo yako ya kumwonyesha meneja wake pale atakapoulizwa kwa nini amempokea mteja huyu.

Wako katika kulitakia jiji hili mema,
Mkaazi wa Eastlands, Nairobi.