Kongo: Kura zilipigwa 2018, bunge likabadilika bila kura

Ukitaja uchaguzi wa Kongo (ile ya Kinshasa) kwenye kijiwe chochote, swali huwa moja: kura ziliibwa au hazikuibwa? Ni swali la msingi. Mwaka 2018 Kanisa Katoliki, lililokuwa na waangalizi wapatao 40,000, lilisema matokeo yaliyompa urais Félix Tshisekedi hayalingani na yale ya waangalizi wake.

Lakini mimi naomba tutazame kinachotokea kura zikishahesabiwa. Vyama!

Katika uchaguzi huohuo, FCC, muungano wa Joseph Kabila, ulitangazwa kupata viti zaidi ya 300 kati ya 500 vya bunge. Kwa hiyo rais akawa Tshisekedi, bunge likabaki kwa Kabila. Desemba 2020 ndoa hiyo ikavunjika. Je, wananchi waliitwa wapige kura upya? Thubutu! Desemba 10 spika Jeanine Mabunda aling'olewa kwa kura 281 dhidi ya 200. Januari 27, 2021, wabunge 367 kati ya 382 waliokuwepo wakamwangusha waziri mkuu Sylvestre Ilunga. Wabunge walikuwa walewale, ila wengi walishahamia kambi ya rais, Union Sacrée.

Utauliza, sheria iko wapi? Ipo. Ibara ya 110 ya katiba inasema mbunge anayekihama chama chake kwa hiari anahesabika ameacha ubunge. Lakini Januari hiyohiyo Mahakama ya Katiba iliwafungulia njia: wangeweza kujiunga na wingi mpya na kiti wakabaki nacho.

Mtazame Vital Kamerhe. Mwaka 2006 alimpigia debe Kabila. Mwaka 2011 akagombea dhidi yake. Novemba 2018 huko Geneva akasaini kumuunga mkono Martin Fayulu, kesho yake akafuta sahihi, na kabla mwezi haujaisha alikuwa Nairobi akisaini na Tshisekedi. Sera gani inayobadilika kwa kasi hiyo?

Kabla ya uchaguzi wa 2023 Kongo ilikuwa na vyama zaidi ya 900 vilivyosajiliwa. Sidhani kama kuna itikadi 900 duniani. Chama kule ni tiketi ya kumfikisha mwenye chama kwenye meza ya kugawana vyeo.

Wapo wanaosema FCC ilistahili kuporomoka kwa sababu viti vyake navyo vilikuwa na mashaka. Nawaelewa. Ila dawa ya kura yenye mashaka ni kura nyingine, si wabunge kupangana upya wenyewe kwa wenyewe.

Ndiyo maana naona kuirekebisha tume ya uchaguzi peke yake hakutoshi. Hata kura zihesabiwe kwa uaminifu kiasi gani, mpiga kura wa Bukavu au Lubumbashi hana uhakika kwamba kambi aliyoichagua ndiyo mbunge wake atakayoitumikia.

Wadau, mnasemaje? Mbunge akihama, kiti kiwe cha nani: chake, cha chama, au cha waliompa kura?