Wanga wa Kidonge Utajwe Asili Yake

Mgonjwa wa siliaki huambiwa na daktari jambo moja fupi: asile ngano, shayiri wala rai. Amri hiyo ni nyepesi kutamka lakini ni ngumu kutekeleza, kwa kuwa gluteni, yaani protini iliyomo katika nafaka hizo, haiji kila mara kwa sura ya mkate au chapati. Imo katika sosi ya soya iliyochachushwa pamoja na ngano. Imo katika kimea cha shayiri kinachokoleza vinywaji na biskuti. Na yaweza kuwamo katika unga wa lishe tunaowapikia watoto uji, maana wachanganyaji wengi hutia ngano pamoja na mahindi, ulezi na karanga. Hata mtama, ambao kwa asili hauna gluteni, huchukua vumbi la ngano ukisagwa katika mashine ile ile.

Gluteni huichochea kinga ya mwili wa mgonjwa kuushambulia utando wa utumbo mwembamba unaofyonza chakula, hata akadhoofu ilhali anakula.

Siri hii ilifichuliwa Uholanzi. Daktari wa watoto, Willem Karel Dicke, alikuwa ameishuku ngano tangu miaka ya 1930. Njaa ilipoikumba nchi hiyo katika majira ya baridi ya 1944–45 na mkate ukaadimika, watoto wagonjwa walipata nafuu. Mkate uliporejea, ugonjwa nao ukarejea. Alitoa tasnifu yake mwaka 1950, na uchunguzi alioufanya na wenzake, van de Kamer na Weijers, ulionyesha kwamba kinachodhuru si wanga wa ngano bali ni gluteni.

Tofauti hiyo yafaa walimu waikazie, kwani ndiyo ufunguo wa suala la dawa. Kidonge hakifanywi kwa dawa tupu. Aghalabu hutiwa wanga ili kishikamane, kisha kimumunyuke tumboni. Wanga huo kwa kawaida ni wa mahindi au viazi, mara chache wa ngano, na huo wa ngano husafishwa hata ikasalia chembe tu ya gluteni. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikadiria kwamba kidonge chenye wanga wa ngano kingeleta pungufu ya miligramu 0.5 za gluteni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha madhara kwa wagonjwa waliokula miligramu 50 kila siku kwa siku 90. Basi anayeacha dawa ya kifafa kwa kuhofia wanga anakimbia mvua na kuingia mtoni.

Hata hivyo, sikubaliani na wasemao kwamba, kwa kuwa kiasi ni kidogo, hapana haja ya kukitaja. Mfamasia atamjibu nini mgonjwa, ikiwa karatasi ya dawa imeandikwa “wanga” tu? Chakula kinachouzwa kuwa hakina gluteni kimewekewa kikomo cha kimataifa, miligramu 20 kwa kilo. Ulaya hutaka karatasi ya dawa itaje wanga wa ngano. Neno moja, “mahindi” au “ngano”, lingemgharimu mtengenezaji wino tu.

Na mwanafunzi anayejishuku asiache ngano kabla ya kupimwa, kwani dalili zinazotafutwa katika damu hufifia gluteni ikiachwa, na kipimo chaweza kumdanganya daktari.