Mashua ya Marehemu na Mbao Mbichi za Shume



Mtu akitajiwa Shume huwaza baridi, ukungu, viazi, kabichi na misitu ya mipaina, hawazi mashua. Hata hivyo kisa cha wiki hii kimetoka Shume, kwa familia moja iliyoturuhusu tukisimulie kwa sharti la kutotaja jina la mtu yeyote. Tumelikubali sharti hilo kwa sababu kisa chenyewe kinaihusu kila nyumba iliyoachiwa na marehemu kitu kimoja kisichokatika vipande: nyumba, gari, mashine ya kusaga, au chombo cha bahari.

Mama wa familia hiyo ni Msambaa wa Shume aliyeolewa Pangani na nahodha mwenye mashua yake mwenyewe. Mume alipofariki na eda ilipokwisha, mama alirudi mlimani kwa ndugu zake pamoja na binti yake. Mwanawe mkubwa alikuwa tayari analima viazi huko huko Shume. Wa pili alibaki Pangani akivua katika vyombo vya watu. Mashua ya baba yao ilipandishwa mchangani, ikafunikwa makuti, ikakaa karibu miaka minne. Juu ya mali hiyo hakuna aliyesema neno la mirathi; kila mmoja aliona haya kuwa wa kwanza kulitaja.

Kisha ukaja msimu ambao viazi vilipata bei nzuri. Kaka mkubwa akamwambia mdogo wake: tuifufue mashua ya mzee. Nia ilikuwa njema, wala hatuna shaka nayo. Lakini angalieni walipoanzia. Walinunua rangi. Wakaipaka mashua kutoka omo hadi tezi, wakaandika jina la baba yao kwa herufi kubwa, wakashonesha na tanga jipya. Yote hayo yalifanyika kabla ya mtu yeyote kuinama akatazama ndani ya ngama, kule chini kabisa ambako maji ya mvua yalikuwa yamelala misimu minne.

Fundi wa vyombo anayejua kazi yake haanzii na brashi. Huanza na kisu. Hupita ubao mmoja baada ya mwingine, akichomeka ncha ya kisu kwenye maungio, karibu na mkuku, na chini ya kila taruma, akisikiliza kwa mkono wake kama mti unakataa au unakubali. Mti unaokubali kisu kirahisi umekwisha kufa, hata ukiwa na rangi mpya. Ndugu hawa walipokuja kuchomeka, tayari fedha nyingi zilikuwa zimekwenda katika rangi na tanga, na kisu kikazama hadi mpini katika mbao tatu zilizo jirani na mkuku.

Kaka akasema mbao si tatizo, Shume tumezaliwa ndani ya mbao. Ni kweli kwamba mlima ule umekuwa ukiteremsha mbao kwa zaidi ya miaka 100. Wakati wa Wajerumani kampuni ya Wilkins na Wiese ilijenga njia ya kamba za chuma iliyoyashusha magogo kutoka huko juu, mahali walipopaita Neu-Hornow, hadi stesheni ya Mkumbara kwenye reli ya Tanga. Lakini miti iliyoshushwa zama hizo ilikuwa ya msitu wa asili, kama mwangati, mti wa kukua polepole na wenye mafuta yake, ambao wadudu hawauthubutu kirahisi. Leo msitu wa asili uko katika hifadhi, nasi tunasema alhamdulillahi kwamba uko. Mbao inayopatikana kwa wepesi ni ya paina iliyopandwa. Hiyo ni mbao nzuri kwa kenchi la nyumba na kwa meza ya shule. Majini, bila dawa, haina maisha marefu, na funza wa baharini wanaotoboa vyombo huipenda kama watoto wanavyopenda halua.

Tena mbao zenyewe zilikuwa mbichi. Zilipasuliwa wiki ile ile, zikapakiwa kwenye lori, zikateremka kwa Soni na Mombo zikiwa bado zinanuka utomvu. Zilipigiliwa mashuani chini ya jua la Pangani. Baada ya mwezi zikawa zimenywea, na kati ya ubao na ubao ikaingia nafasi ya kidole. Ndugu wakaziba kwa pamba, wakakalafati kwa nyundo kwa nguvu zao zote, mpaka nafasi zikajaa pomoni. Hawakukumbuka kwamba ubao ulionywea juani hufura tena majini. Ukikuta pamba imejazwa pasipo nafasi ya kupumua, huisukuma jirani yake, na jirani huvuta msumari.

Kosa jingine lilikuwa la kukibandua chombo upande mzima kwa wakati mmoja. Mashua ilikuwa imekaa juu ya magogo mawili tu, moja mbele na moja nyuma. Walipong'oa mbao za ubavu wa kushoto pamoja na mataruma yake, hapakuwa na kitu cha kuushika umbo lake, na mkuku ukaanza kupinda. Fundi hung'oa ubao mmoja, akatia mmoja, akahamia upande wa pili, na magogo ya kuegemezea huyapanga kwa wingi chini ya chombo. Kupinda huko hakuonekani kwa siku moja. Mtu hugundua anapoletewa ubao wa mwisho na kuuona haufiki.

Na mbao za zamani? Hili ndilo lililotusikitisha kuliko yote. Mataruma yaliyong'olewa, yale ya mkoko yaliyochaguliwa porini kwa sababu yameota na pinda yake, yalipasuliwa yakawa kuni za kupikia chakula cha mchana. Taruma bovu bado ni kipimo. Hata likiwa limeliwa nusu, linamwonyesha fundi pinda ya marehemu ilivyokuwa, wapi ilikuwa pana na wapi ilijibana. Walipolichoma, walichoma ramani.

Hapa tunaomba ruhusa ya kuwapeleka wasomaji mbali kidogo, hadi Kigoma, kwa kuwa nchi yetu ina chombo kikongwe kilichofufuliwa kutoka chini ya maji, na mkasa wake unaangaza jambo hili la kuni. Meli tunayoiita Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam katika masanduku yapatayo 5,000, ikapanda reli hadi Kigoma na kuungwa upya, ikashushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani walipolazimika kuikimbia Kigoma, wahandisi wale wale walioiunga, akiwemo Anton Rüter, waliizamisha kwa makusudi isitwaliwe na adui. Lakini kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waliifikiria siku ya atakayeiopoa, wasijue atakuwa nani.

Msomaji wa Suratul-Kahf atakuwa amekumbuka ile jahazi ya maskini iliyotobolewa ili mfalme mnyang'anyi asiitamani. Hatuwalinganishi wahandisi wa vita na yule mja mwema, hasha. Tunachosema ni kwamba kuna uharibifu unaofanywa kwa kuhifadhi, na kuna matengenezo yanayofanywa kwa kuharibu.

Wabelgiji, walioishika Kigoma baada ya hapo, waliiopoa meli na kuivuta hadi bandarini. Ikazama tena kwa dhoruba ikiwa imetia nanga. Waingereza waliielesha mwezi Machi 1924, wakaikuta mitambo bado inafaa kwa sababu ya grisi ile. Wangeweza kuitia moto mwezi ule ule wakapiga honi. Badala yake ilichukua miaka mitatu, hadi Mei 1927, ndipo ikaanza kazi kwa jina jipya. Injini zake za mvuke hazikubadilishwa kwa dizeli mpaka miaka ya 1970. Kati ya kuiona inaelea na kuipakia watu iliwekwa miaka mitatu.

Ndugu zetu wa Shume waliweka siku moja. Mashua ilishushwa Ijumaa baada ya swala, na Jumamosi asubuhi kaka mkubwa akawapandisha wanawe wawili, wa miaka saba na tisa, waione bahari kwa mara ya kwanza katika chombo cha babu yao. Walipofika kwenye mlango wa Mto Pangani, pale maji ya mto yanapokutana na mawimbi juu ya fungu la mchanga, mbao za ubavu wa kushoto zikaanza kuachana. Maji yakafika magotini upesi kuliko walivyoweza kuyakumba. Mvuvi mmoja aliyekuwa akirudi na ngalawa yake akawapokea watoto. Mashua wakaikokota hadi mchangani ikiwa imejaa. Hakufa mtu, na kwa hilo familia ile inashukuru hadi leo. Fundi mzee wa hapo Pangani aliyekuja kuitazama alimwuliza kaka swali moja tu: "Mwanangu, kwa nini hamkuiacha majini siku kadhaa bila mtu, mkaona inakunywa wapi?"

Sasa tufike kwenye lile ambalo kwa maoni yetu ndilo mzizi wa mengine. Aliporudi Shume, kaka alitaka arejeshewe fedha zake, akasema mashua sasa ni yake kwa kuwa yeye ndiye aliyeigharamia. Mdogo wake akajibu kwamba yeye ametoa miezi mitano ya mikono yake. Wakanyamaziana mfungo mzima. Mama akawa anakula futari na mmoja, daku na mwingine.

Aliyelifungua fundo hilo ni binti, ambaye tangu mwanzo hakuna aliyemtaja. Alisema mbele ya mjomba wao: "Kaka, mimi sidai mashua. Nadai kuulizwa." Ndipo ilipodhihirika kwamba mali haijapata kugawanywa hata kwa mdomo. Sheikh aliyeitwa aliuliza kwanza juu ya madeni na wasia, hapakuwepo, na wazazi wa marehemu walikwisha kutangulia. Kwa hiyo mama ana thumuni yake, na kilichobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili kwa fungu moja la mwanamke. Mali ikihesabiwa mafungu 40, mama ana 5, kila mwana wa kiume ana 14, binti ana 7. Hesabu hiyo inatoshea nyuma ya bahasha. Ingeandikwa miaka minne kabla, kaka asingenunua hata kopo la rangi bila kuwauliza wenzake watatu, na katika kuulizana huko huenda mama angesema jambo alilolijua peke yake: kwamba marehemu hakupata kutia ubao wowote isipokuwa mvule uliokaa kivulini mwaka mzima.

Wasomaji watauliza fedha za kaka zimekuwaje. Anayetengeneza mali ya shirika bila idhini ya washirika wake yuko mahali pa hatari kisheria, na tunawasihi wenye mkasa kama huu wasikate hukumu kwa kusoma gazeti. Wamwendee kadhi au sheikh anayeijua mirathi. Kwa familia hii iliamuliwa kwa sulhu. Watu wawili wa Pangani walikadiria thamani ya mashua ilivyokuwa chini ya makuti. Tanga jipya, ambalo bado ni zima, lilihesabiwa kuwa mali ya kaka. Miezi ya mdogo iliandikwa kuwa deni juu ya chombo, alipwe kitakapoanza kuingiza. Mbao za paina hazikuhesabiwa kitu, na kaka mwenyewe alikubali. Yote yameandikwa katika daftari moja linalokaa kwa binti.

Kazi imeanza upya chini ya yule fundi mzee. Mashua imekaa juu ya magogo saba. Mbao za ubavu wa kulia, ambao haukuguswa, ndizo anazozipima ili aupate ubavu wa kushoto, akigeuza kila kipimo. Mvule wa kwanza umenunuliwa, mbao nne. Fundi amezichomeka kisu, amezinusa, na moja ameikataa. Tatu zimewekwa kivulini, zimetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite.